Mzee Aliyepotewa na Njia ya Nyumbani: Tumchagulie Mahali Gani?

Liko jambo ambalo katika Dodoma na nchi yote ya uwanda wa kati huzungumzwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huzungumzwa usiku, watoto wakisha kulala. Ni habari ya mzazi aliyefikia umri mkubwa, akaanza kwa kusahau alipoiweka fimbo yake, akaendelea kwa kusahau kwamba amekwisha kula, na mwishowe akamwuliza mwanawe wa kumzaa, "Wewe ni wa nani?" Watoto wake ni wafanyakazi. Mmoja yuko ofisini Mtumba, mmoja ni mwalimu Kondoa, mmoja yuko Dar es Salaam, na mmoja, ambaye kwa kawaida ni binti, ndiye aliyebaki naye nyumbani. Inafika siku binti huyo anawaambia nduguze: "Nimechoka." Ndipo linapozuka swali: Je, tumpeleke mzee katika nyumba ya kutunzia wazee? Na kama tutampeleka, ni nyumba ipi?

Swali hili lastahili kujibiwa hadharani. Wako wasemao kwamba hata kulitaja ni aibu, kwa kuwa mzazi hapelekwi kwa wageni. Wako na wengine, hasa waliozoea maisha ya mjini, wasemao kwamba fedha ikiwapo jambo limekwisha. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinaikwepa kazi yenyewe. Wa kwanza wanamtwisha binti mmoja mzigo wa ukoo mzima, na kisha wanamsifu kwa uvumilivu wake. Wa pili wanamhesabu mzee kuwa kama mzigo wa kuwekwa ghalani. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeishi mbali na mzee huona kazi ya kumtunza kuwa nyepesi, kwa sababu hajaamka mara tano usiku mmoja kumrudisha kitandani.

MARADHI, SI UCHAWI WALA WAZIMU

Kwanza yatupasa tuyajue maradhi yenyewe. Mzee mwenye afya huweza kusahau jina la mtu, kisha akalikumbuka jioni. Huyu tunayemsema husahau kazi ya kitu anachokishika mkononi, na husahau njia aliyoipita maisha yake yote. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya kupotewa na kumbukumbu, na aina ya maradhi iliyo nyingi kuliko zote yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Nyingine hutokana na kuziba au kupasuka kwa mishipa ya damu ya ubongo, na hiyo yafuatana na shinikizo la damu na kisukari. Kwa jumla maradhi haya huitwa demensia. Haijapatikana dawa ya kuyaponya.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya sita katika kila kumi waliishi katika nchi zisizo tajiri. Basi tusidanganyike kwamba ni maradhi ya Ulaya. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, sita na zaidi kidogo walikuwa nayo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania karibu milioni 3 na nusu waliofikia miaka 60 au kuipita. Kadiri watu wetu wanavyozidi kuishi miaka mingi, jambo ambalo sote tulilitaka, ndivyo maradhi haya yatakavyozidi kuingia majumbani mwetu.

Hatari yake kubwa katika nchi zetu si kusahau peke yake. Mama mwenye maradhi haya hutoka usiku wa manane, pengine bila nguo, akasimama uani kwa jirani asijue yu wapi. Asubuhi jirani husema amemkuta mwanga. Twajua yaliyowapata wanawake wazee wa Usukuma, waliouawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Mwezi Oktoba mwaka 1921 ungekuwa mbali. Bali ilikuwa Oktoba mwaka 2021, juzi tu, wanawake wazee wanne walipouawa na kundi la watu huko Kisii, nchini Kenya, kwa kushukiwa uchawi. Na katika pwani ya nchi hiyo hiyo, huko Ganze, Kilifi, mahali paitwapo Kaya Godoma pamegeuka kuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa na watu wa nyumbani mwao wenyewe. Kwa mzee wa namna hiyo, mahali pa kutunzwa mbali na kijiji chake si anasa. Ni ngome ya uhai wake.

Wala maradhi haya si wazimu. Hospitali ya Mirembe, iliyopo hapa Dodoma tangu miaka ya 1920, inajulikana na kila mtu katika nchi hii, na jina lake limekuwa neno la mzaha katika vinywa vya wasiojua. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mtu huenda huko akapimwa, akatibiwa, na kurudi kwao. Kupata ushauri wa madaktari wa akili ni jambo jema na halina aibu. Lakini kumwacha mzee katika wodi kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwangalia ni kuitumia hospitali kwa kazi isiyo yake.

Na kabla ya kuamua lolote, apimwe. Yako mambo yanayofanana na demensia ambayo hutibika: upungufu wa baadhi ya vitamini, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, huzuni nzito baada ya kufiwa, kaswende ya zamani, virusi vya UKIMWI, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, na hata dawa alizopewa kwa ugonjwa mwingine. Mzee aliyechanganyikiwa ghafula, kwa siku mbili au tatu, huenda ana malaria, au maambukizo ya njia ya mkojo, au amekosa maji ya kunywa katika jua letu la Oktoba. Yuko pia yule asemwaye kwamba hajui watu, kumbe haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, wala hasikii. Itakuwa dhambi kumpeleka mtu makaoni akatumalizie siku zake huko, ilhali dawa yake ilikuwa miwani.

ANAKWENDA WAPI ANAPOTOKA USIKU?

Ni vema tuelewe jinsi kumbukumbu inavyopotea, maana uchaguzi wa nyumba wategemea hilo. Huanza kupotea yaliyo ya karibuni, na ya zamani yakabaki. Mzee wa miaka 80 anaweza asijue kwamba Serikali imehamia Dodoma, lakini akayakumbuka majina ya ng'ombe wa baba yake.

Sasa tazama historia ya mkoa wetu. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, maelfu ya watu walihama kutoka tembe zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji. Aliyekuwa kijana wa miaka 25 wakati huo, leo amekaribia au amepita miaka 80. Mzee huyo anapofungua mlango jioni na kusema, "Nakwenda nyumbani," watoto humjibu, "Baba, nyumbani ni hapa." Nao wanasema kweli, lakini naye, kwa kumbukumbu aliyobakiwa nayo, anasema kweli. Anaitafuta tembe iliyokwisha kuwa mahame zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Akienda kuitafuta leo atakutana na barabara kuu yenye malori, au mtaa mpya wa viwanja vilivyopimwa, ambamo hakuna mtu amjuaye.

Yafuata pia habari ya lugha. Wazee wengi wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Maradhi yanapozidi, Kiswahili huweza kutangulia kuondoka, kikabaki Kigogo au Kikaguru. Na kwa watu wa Kondoa na Chemba, Kirangi au Kisandawi. Na kwa watu wa Singida, Kinyaturu au Kinyiramba. Mzee aombaye maji kwa lugha isiyojulikana na yeyote katika nyumba nzima ataitwa mkaidi na msumbufu. Kumbe ana kiu tu.

NYUMBA ZILIZOPO

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na kwamba kumweka katika makao ni njia ya mwisho. Kwa hiyo makao ya Serikali yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatazama. Katika uwanda wetu yapo makazi ya Sukamahela, wilayani Manyoni, mkoani Singida. Kwingineko yako ya Ipuli kule Tabora, Kolandoto kule Shinyanga, Funga Funga kule Morogoro, Nunge kule Kigamboni, na mengine kadha. Baadhi ya makazi haya yalianza kuwa makao ya watu wenye ukoma, na hata leo wamo wakazi waliokatika vidole, ambao nduguzo hawakurudi kuwachukua hata baada ya kupona. Hilo ni somo la kututosha: mtu akisha kusahauliwa na watu wake, dawa pekee haimrudishi nyumbani.

Njia ya kuingia huko hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye huchunguza kama mzee kweli hana jamaa. Mwenye watoto wenye mishahara asitarajie kupokewa. Na wala si haki akichukua kitanda cha asiye na mtu. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wazee waliwekewa makao Sebleni na Welezo; na tangu Aprili mwaka 2016 kila mzee wa huko aliyefikia miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 kwa kuanzia, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Fedha hiyo si nyingi, lakini humpa mzee heshima nyumbani, kwa sababu naye analeta kitu mezani.

Zaidi ya makao ya Serikali ziko nyumba za mashirika ya dini, na ziko nyumba za watu binafsi zinazolipiwa. Hizi za mwisho kwetu bado ni chache, na nyingi ziko katika miji mikubwa. Nairobi wametutangulia, huko nyumba za kulipia zimeongezeka, na zile za hisani, kama Nyumba ya Wazee ya masista, zimedumu. Dodoma inakua upesi tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, na biashara hii haitakosa kufika. Ni bora tujifunze kuchagua kabla wauzaji hawajafika.

SAA IMEFIKA LINI?

Hakuna tarehe moja kwa watu wote, lakini ziko dalili. Saa imekaribia ikiwa mzee ametoka na kupotea zaidi ya mara moja. Ikiwa amewasha moto akauacha. Ikiwa anampiga anayemsafisha kwa kuwa hamtambui. Ikiwa hawezi tena kumeza bila kupaliwa, au kujigeuza kitandani. Na iko dalili moja ambayo watu hawaihesabu: afya ya mtunzaji. Binti asiyelala, aliyeacha biashara yake ya sokoni, ambaye shinikizo lake la damu limepanda, naye ni mgonjwa. Akianguka yeye, wagonjwa watakuwa wawili.

Kikao cha ukoo kiitwe mapema, mzee mwenyewe akiwapo ikiwa bado anaweza kusema. Mwanzoni mwa maradhi mtu huwa na siku zake njema, na siku hizo aulizwe: Ungependa kukaa na nani? Ungependa kuzikwa wapi? Nani akushikie mambo yako? Na kabla ya kuitaja nyumba ya wazee, kikao kijiulize kama kazi yaweza kugawanywa: huyu alete fedha ya kumlipa mtunzaji wa mchana, huyu amchukue mama mwezi wa Juni na Desemba, huyu ajenge choo cha karibu chenye mahali pa kushikia. Mara nyingi kinachoitwa upungufu wa nyumba ya wazee ni upungufu wa zamu.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Yakishindikana hayo yote, basi tuchague. Na katika kuchagua tukumbuke kwamba nyumba njema si mlango. Rangi mpya ya ukutani na maua ya getini viliwekwa kwa ajili ya watoto wanaolipa. Mzee haangalii rangi. Yafuatayo ndiyo ya kuangaliwa.

Kwanza, omba kuona hati ya kuandikishwa, na uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kama nyumba hiyo yajulikana kwao na hukaguliwa. Mambo ya wazee yako chini ya wizara ya maendeleo ya jamii na makundi maalum. Nyumba isiyotaka kujulikana na ofisi hiyo haifai kumpokea mtu asiyeweza kujisemea.

Pili, nenda mara mbili, na mara ya pili usitoe taarifa. Nenda wakati wa chakula. Tazama kama asiyeweza kujilisha analishwa, au sahani yake huwekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa imejaa. Uliza kama kuna uji laini wa uwele au mtama, na mlenda, na maziwa ya mgando, maana mzee aliyesahau majina yote bado aukumbuka mdomoni mwake utamu wa chakula cha kwao.

Tatu, uliza habari za usiku. Mchana kila nyumba ina watu. Usiku ni watunzaji wangapi, kwa wazee wangapi? Mlango hufungwa vipi? Nyumba nzuri ina ua mpana wenye uzio, na njia ya kuzunguka isiyo na mwisho, ili mwenye hamu ya kutembea atembee mpaka achoke, akalale. Nyumba mbaya humfunga kamba kitandani. Ukiona alama ya kamba mkononi mwa mzee wa mwenzako, usimlete wako.

Nne, uliza habari za dawa. Ziko dawa za kutuliza wagonjwa wa akili ambazo hutolewa kwa mzee ili anyamaze. Zimeonekana kuongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa wenye maradhi haya, kwa hiyo daktari hazitoi ila kwa sababu nzito na kwa muda mfupi. Nyumba ambayo wazee wote wamesinzia saa nne asubuhi si nyumba tulivu. Imelewesha watu.

Tano, tazama ngozi na maji. Mzee asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache, la sivyo hupata vidonda mgongoni na nyongani. Uliza ni nani huwageuza, na wapi huandikwa. Nusa vyumba. Uliza maji hutoka wapi miezi ya kiangazi, maana katika Dodoma hili si swali la mzaha. Nyumba ya watu wasioweza kuzuia haja haiendeshwi kwa ndoo mbili.

Sita, sikiliza watunzaji wanavyowaita wazee. Je, husema "mama," "babu," "mzee wetu," na kumtaja kwa jina lake? Au husema "yule wa kitanda cha tatu"? Na je, yuko hata mmoja ajuaye lugha yake? Mtunzaji asiye na cheti aliyezaliwa Mvumi, ajuaye kumjibu mama kwa Kigogo, aweza kumtuliza upesi kuliko mwenye cheti asiyemwelewa. Afadhali awe na vyote viwili.

Saba, uliza akiugua atapelekwa wapi, kwa gari gani, na nani atapigiwa simu. Hapa mjini zipo Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Lakini nyumba iliyo ndani sana porini, hata ikiwa nzuri, iko mbali nazo saa ya hatari. Na mzee asiye na uwezo anayo haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Kitambulisho chake kifuatane naye.

MALI YA MZEE

Hapa hatuna budi kusema wazi. Tangu Dodoma ilipokuwa makao ya Serikali, ardhi iliyokuwa shamba la uwele imekuwa kiwanja, na kiwanja kimekuwa fedha. Wamezuka watoto wanaokumbuka ugonjwa wa baba siku mnunuzi anapofika. Mzee hupelekwa makaoni Jumatatu, na Ijumaa dole gumba lake liko kwenye karatasi ya mauzo. Sheria yetu ya Mikataba yataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, kiasi cha kuelewa anachokubali na kupima faida yake. Dole gumba la mtu asiyejua siku ni la nini haliwi mkataba halali. Ukoo unaotaka kuuza ng'ombe au kukodisha shamba ili kulipia matunzo na ufanye hivyo kwa kikao, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na hesabu isomwe kwa wote. Mali ya mzee ni ya kumtunza mzee, maadamu yu hai.

KUMPELEKA SI KUMTUPA, ILA MKIMTUPA

Aliyempeleka mzazi wake makaoni amebadilisha tu aina ya kazi yake. Ampeleke na vitu vyake: kigoda chake, shuka lake, fimbo yake, rosari au tasbihi yake, na picha ya wakati wa ujana wake, kwa kuwa picha ya leo hataitambua. Awaandikie watunzaji ukurasa mmoja: mzee huyu ni nani, alifanya kazi gani, hupenda nini, huogopa nini, majina ya watoto wake waliokufa ambao huenda akawaita usiku.

Kisha azuru. Wako wasemao, "Nizuru ya nini, na hanijui?" Jina lako ameweza kulisahau, lakini furaha ya kushikwa mkono hubaki moyoni mwake baada ya wewe kuondoka, hata kama hajui imetoka wapi. Tena nyumba ya wazee huwatunza vizuri zaidi wale ambao watu wao huja bila kutazamiwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam ikafika Dodoma kwa saa chache. Kisingizio cha umbali kimepungua nguvu.

WAJIBU WA WOTE

Mwisho, jambo hili halitamalizwa na koo peke yao. Tazameni, ndugu wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 34, kama kilivyotungwa, kilimpa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku zisizopungua nne mtoto wake akiugua au akifa. Kwa mzazi, kilitaja kufa kwake. Kuugua kwake hakikukutaja. Yaani mfanyakazi aliruhusiwa kwenda kumzika mama yake kwa malipo, lakini si kwenda kumtunza. Vyama vya wafanyakazi vinavyokaa na waajiri kufanya mapatano ya hali bora vilete jambo hili mezani, kwa kuwa mapatano ya kazini yaweza kutoa zaidi ya kile sheria ilichokitaja.

Na halmashauri zetu zisingoje kujenga majumba makubwa. Ukumbi wa kata wenye maji, kivuli na watunzaji wawili waliofundishwa, ambapo wazee hawa wangekaa kutoka asubuhi mpaka jioni, ungewaokoa mabinti wengi na kuwawezesha kurudi shambani na sokoni. Mzee angelala kwake, na ukoo ungelala usingizi.

Vijana nao walinde mapema vichwa vyao. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo yajulikanayo: shinikizo la damu, kisukari, ulevi, tumbaku, uziwi usiotibiwa, upweke, na kukosa elimu utotoni. Kumpeleka binti shule leo ni kumkinga atakapokuwa bibi.

Basi ukoo ulio na mzee wa namna hii na uitishe kikao kabla ya mwezi huu kwisha. Uanze kwa kumpeleka akapimwe. Ugawe zamu na uziandike. Na ikionekana kwamba nyumba ya kutunzia ndiyo njia iliyobaki, waende watu wawili wakaione usiku, na mmoja wao awe yule binti aliyechoka. Kwa maana yeye ndiye ajuaye mzee analala upande gani.